Waya Chini ya Dashibodi

4 Februari 1991

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko uliko na kazi inakwenda. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo ila miguu, ambayo kwa maneno yake mwenyewe siku hizi inachelewa kuamka. Bado anafungua kibanda chake cha saa kila asubuhi, anabana kile kioo jichoni, na mtu akimuuliza kwa nini hajastaafu, anajibu kwamba saa za watu hazijastaafu. Binti yangu Kasuku ametimiza miaka minane na jina bado linamkaa sawasawa. Mwalimu amemhamisha dawati mara tatu, na kila alikopelekwa amepata wa kuongea naye. Mimi niko wodi ileile ya wazazi. Wiki iliyopita nimepokea watoto kumi na mmoja, pacha wakiwemo, na mgongo unanikumbusha kila mmoja wao.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Ni gari. Mke Mwenza, kama marehemu Mama alivyoliita kwa sababu Baba aliliosha kabla hajamuuliza yeye ameamkaje, limeanza vituko. Likikata kona ya kulia, honi inalia yenyewe. Juzi ililia mbele ya askari wa barabarani, naye akadhani tunamsalimu, akatupigia saluti. Tulicheka mpaka Baba akasimamisha gari afute machozi. Lakini taa za mbele nazo zinafifia na kurudi, wipa zinagoma katikati ya kioo, na sasa ni wiki mbili kuna harufu. Si ya petroli. Ni kama mtu amesahau pasi juu ya shati.

Nimemwambia Baba alipeleke kwa fundi. Jibu lake unalijua hata kabla sijaliandika: "Nyaya za gari hili alizifunga mwanangu kwa mkono wake. Nani mwingine azichokonoe?" Basi nakuuliza wewe uliyezifunga. Tuangalie nini? Ndilo linalompeleka Kasuku shule na kumrudisha. Na mlango wa nyuma, upande anaokaa yeye, siku hizi haufunguki kwa ndani, mpaka mtu azunguke nje.

Baba anakusalimu. Anauliza utakuja lini, lakini amenikataza nisiandike kwamba anauliza.

Dada yako.


1 Machi 1991

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo mchana, nikaisomea chini ya basi, mgongo sakafuni, mafuta yakinidondokea. Nimecheka habari za saluti mpaka mwenzangu akainama kuangalia kama nimepigwa na umeme. Mimi sijambo. Wamenipa usimamizi wa umeme wa mabasi yote ya karakana hii, arobaini na mawili. Sijaoa, kwa hiyo usiniulize tena. Mwambie Kasuku mjomba wake naye alihamishwa madawati.

Honi ni jambo dogo, waya wake umechubuka ndani ya usukani. Taa kufifia, kazeni vichwa vya betri, visugueni kwa msasa, kisha angalieni waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi kama haujalegea.

Harufu ni jambo jingine. Kama inatoka chini ya dashibodi upande wa abiria, msiliendeshe. Sisemi mwende polepole, wala sisemi liende hadi sokoni tu. Msiliendeshe. Fungueni waya mmoja wa betri, uwekeni kando, gari likae hapo uani. Muiteni fundi yeyote mwenye akili timamu, na mwambie Baba mimi ndiye niliyeruhusu aguse. Afungue kisanduku cha fyuzi, aangalie ya tatu kutoka kushoto.

Hapa chini nimefuta mistari miwili. Usihangaike kuisoma.

Kasuku aende shule kwa miguu.

Mdogo wako.


24 Machi 1991

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo sote. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja mahali palepale, na Baba ameliwekea beseni na kusema tumepata bomba bila kumwandikia mtu yeyote maombi.

Mistari uliyofuta niliiinua dirishani nione. Umeifuta kama mtu anayechimba shimo.

Barua yako nilimsomea Baba mezani. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akainuka, akaenda uani akafungua waya wa betri mwenyewe. Gari likalala siku tatu na Kasuku akatembea. Siku ya nne mvua ilinyesha kama imetumwa. Niliposhuka ngazi na mwavuli, nikakuta gari linanguruma na mtoto yuko ndani. Nilikuwa nimechelewa zamu. Nilikunja mwavuli, nikapanda.

Fundi tumemuita. Ni yule wa karibu na posta, tunamwita Fundi Miwani kwa sababu ya ile miwani aliyoifunga kwa uzi. Alifungua kisanduku, akachungulia, akamulika kwa tochi, kisha akamuita Baba pembeni. Walisimama kwenye tangi la maji muda mrefu. Nilimuona fundi akitikisa kichwa na Baba akimshika bega. Waliporudi, fundi akasafisha vichwa vya betri, akafunga waya wa honi kwa utepe wa gundi, akaondoka bila kuniangalia usoni. Nikamuuliza Baba wamezungumza nini. "Ameniambia gari ni zee kama mimi," akasema.

Sasa honi imenyamaza na taa zinawaka. Harufu imepungua, au pua yangu imezoea. Nakuuliza waziwazi, mdogo wangu. Kwenye fyuzi ya tatu kuna nini?

Dada yako.


15 Aprili 1991

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za kukupa wala sitauliza hali. Barua yako imenifikia saa tano asubuhi, na saa sita nilikuwa posta kukupigia simu ya maandishi. Natumaini umeipata kabla ya hii: MSIENDESHE GARI KABISA BARUA INAKUJA. Yaliyobaki hayakuingia kwenye fomu yao.

Kwenye fyuzi ya tatu hakuna fyuzi. Kuna kipande cha waya. Nilikiweka mimi.

Unakumbuka asubuhi ile ya kuondoka kwangu, miaka sita iliyopita? Treni ilikuwa ya saa nne. Fyuzi ile ilikuwa inakatika kila siku. Fyuzi ikikatika inakuambia kwamba mahali fulani waya unapiga shoti. Kazi yake ni kufa yenyewe ili gari lipone. Nami nilijua waya wenyewe. Ni ule wa feni, unaopita chini ya kapeti upande wa abiria. Ulikuwa umechubuka unagusa bodi. Kuufikia ni kung'oa kapeti na nusu ya dashibodi, kazi ya siku nzima. Mama alikuwa amekaa nyuma na mzigo wangu magotini, wewe ulikuwa unanihimiza dirishani, na fyuzi ya akiba hatukuwa nayo. Nikakata waya mnene, nikaupachika pale. Kila kitu kikawaka. Baba akanipiga mgongoni akasema, "Ndiyo maana nasema mwanangu ana mkono."

Nilijiambia nitaurekebisha nikija likizo. Sikuja. Waya ule haukatiki, Dada. Shoti ikizidi hautakufa, utapata moto, na moto utafuata kapeti.

Hapa nafundisha watu wazima, wenye wake na watoto, kwamba anayeweka waya mahali pa fyuzi asikanyage karakana yangu. Nasema hivyo kila mwezi, na kila mwezi naliona gari letu.

Mpelekee Fundi Miwani barua hii. Autoe leo. Kisha nijibu, hata kwa neno moja.

Mdogo wako.


20 Mei 1991

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Karani wa hapa ameshanizoea, akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza. Najua umekasirika, na ni haki yako. Kasirika kwa maandishi basi, nione mwandiko wako. Gari liko wapi? Baba anasemaje?

Mdogo wako.


30 Juni 1991

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Barua zako nimezipata zote, na ile simu ya maandishi pia. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Sisi hatujambo. Paa la jikoni limezibwa. Mama wa cherehani, jirani yetu, amejifungua salama, mtoto wa kike. Kasuku amekuwa mtulivu sana darasani, na mwalimu anamsifu. Mimi nimehamishiwa zamu za mchana.

Gari halipo tena, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nalo.

Dada yako.


22 Julai 1991

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umetaja paa. Umetaja jirani na mtoto wake. Umesema Kasuku amekuwa mtulivu, na mimi namfahamu Kasuku. Gari umelitaja kwa mstari mmoja. Baba hukumtaja.

Tangu nimeondoka nyumbani hujawahi kuniandikia barua isiyokuwa na Baba ndani. Hata ulipokuwa na hasira naye uliandika ili umsengenye.

Andika, Dada. Chochote kile.

Mdogo wako.


14 Agosti 1991

Mdogo wangu,

Salamu. Kaa chini kabla hujaendelea. Kama uko chini ya basi, toka.

Baba amefariki. Ni tarehe mbili Juni, Jumapili, saa nne asubuhi, hospitali. Nilipokuandikia habari za paa la jikoni, kaburi lilikuwa na wiki nne.

Gari liliwaka tarehe tisa Aprili. Wewe ulikuwa hujaipata hata barua yangu ya fyuzi. Kwa hiyo ujue kwamba simu yako isingewahi, wala barua yako ya kukiri isingewahi. Nakuambia hili kwa sababu ni kweli, si kwa kukupoza.

Alikuwa anamrudisha Kasuku kutoka shule, mchana, jua limewaka. Walipofika usawa wa duka la matairi, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Wenye duka wanasema Baba alisimamisha gari vizuri kabisa, pembeni, akavuta breki ya mkono kama kawaida yake. Akazunguka kumfungulia mtoto. Mlango ule ukakataa hata kwa nje. Wa upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa ndani, na mtoto kwa hofu alikuwa amejikunyata sakafuni, ameziba masikio. Kapeti lilikuwa limeshika moto. Baba akarudi ndani kwa mlango wa dereva, akajipenyeza katikati ya viti na kumvuta. Wenye duka walipofika na mchanga, Kasuku alikuwa barabarani, nywele zimeungua upande mmoja na kidonda kidogo mguuni. Baba alikuwa amekaa kando yake, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji anawe.

Mikono ndiyo iliyoungua zaidi, na kifua. Daktari alisema vidole havitashika tena kitu kidogo. Baba akamuuliza, "Kidogo kama nini?" Daktari hakujua anaongea na fundi saa. Akasema, "Kama sindano, mzee." Baba akageukia ukutani. Wiki ya tano damu ikaingia uchafu, na homa haikushuka tena.

Mkaguzi wa polisi alikuja wodini na kile kipande cha waya kwenye bahasha. Akauliza nani alikiweka. Baba akasema, "Mimi." Nilikuwa nimesimama pale na barua yako ya Aprili mkobani, nilikuwa nimeipata siku hiyohiyo. Mkaguzi akaandika, akafunga daftari, akaondoka. Nikamwambia, "Baba, mbona unadanganya?" Akasema nimsomee hiyo barua niliyoificha, kwa sababu uso wangu haujui kuficha. Nikamsomea yote. Kisha akaniambia nichukue karatasi, niandike anachosema na nisiongeze neno langu.

Karatasi yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii. Aliniambia niitume kesho yake. Sikuituma. Niliificha kabatini chini ya mashuka miezi mitatu, kwa sababu ingekupa nafuu na mimi sikutaka upate nafuu. Nilitaka ukae bila kujua, kama mimi nilivyokaa kwenye benchi la hospitali nikijua. Hilo ni langu.

Na jingine ni langu pia. "Msiliendeshe" nililisoma mara mbili. Asubuhi ya tarehe tisa nilimfunga mtoto viatu, nikambeba juu ya matope, nikamweka kwenye kiti cha nyuma kwa mikono yangu, nikaufunga ule mlango.

Kasuku haongei sana siku hizi. Anajibu akiulizwa.

Dada yako.


(Karatasi iliyokuwa ndani)

Mwanangu,

Dada yako anaandika, mimi nasema. Mikono imefungwa.

Fundi Miwani alinionyesha ule waya mwezi wa tatu. Akataka kuutoa. Nilimwambia auache. Nilimwambia mwanangu atautoa mwenyewe akija. Nilidhani ukiwa na kazi inayokusubiri hapa, ambayo hakuna mwingine ninayemruhusu kuifanya, utakuja. Sikujua namna nyingine ya kukuita. Kusema njoo nimekukumbuka, sikuweza. Sijui kwa nini ni vigumu. Kwa Mama yako nilikuwa naweza.

Wewe uliuweka kwa haraka. Mimi niliuacha kwa kujua, na mjukuu wangu ndani. Usilichukue la kwangu ukalichanganya na la kwako. Beba lako tu, nalo lisikupinde.

Mtoto ni mzima. Kila asubuhi namwambia dada yako anihakikishie, na kila asubuhi ananihakikishia.

Baba yako.


6 Septemba 1991

Dada,

Shikamoo. Siku niliyopata bahasha yako nilirudi kazini, nikafungua visanduku vya fyuzi vya mabasi yote arobaini na mawili, kimoja baada ya kingine, mpaka wenzangu wakaja kunishika mikono. Havikuwa na tatizo. Nilikuwa nimevikagua wiki iliyotangulia. Nikakaa kwenye ngazi ya basi la mwisho nikalia mbele yao wote, nikawaambia habari ya waya wangu. Mkubwa wao, ambaye nilimfukuza siku mbili mwaka jana kwa kosa hilohilo, alinivua koti la kazi taratibu, akanipeleka nyumbani.

Nina jambo lililobaki, na nikilimeza leo sitalitoa tena. Mlipomzika Mama niliandika kwamba likizo imekataliwa. Haikukataliwa. Sikuiomba. Niliogopa kuingia mle ndani nikaona kiti chake. Nikajiambia nitakuja mwaka unaofuata, jambo likiwa limepoa. Mwaka uliofuata nikaogopa kuulizwa kwa nini sikuja. Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa mzito kuliko wa nyuma yake. Baba angeniita kwa neno moja, sijui kama ningekuja. Nataka kusema ningekuja. Sijui.

Usiniandikie kwamba umenisamehe, wala mimi sitasema nimekusamehe ya kabatini, kwa maana sioni nina nafasi gani ya kusamehe mtu.

Nimeomba likizo na wamenipa. Nitafika Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, kwa treni ya mchana. Kama hutaki nilale pale nyumbani, niandikie, nitatafuta chumba karibu na posta. Nitakuja tu kumuona Baba alipolala, nimsalimie Kasuku kama atakubali, na niondoke.

Mdogo wako.


25 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako nimeipata. Habari ya likizo ya Mama nilikuwa naijua. Baba pia alikuwa anaijua. Aliwahi kuniambia, "Huyo anaogopa, mwache," na hatukuizungumza tena.

Usitafute chumba. Cha kwako kipo, nimekifagia na kufungua madirisha. Saa za watu zilizobaki kibandani sijazirudisha. Ziko kumi na tisa, na kila moja ina karatasi yenye jina kwa mwandiko wa Baba. Nimeshindwa kwenda nyumba kwa nyumba peke yangu. Tutazigawa pamoja, wewe uwe unabisha hodi na mimi niwe naeleza.

Nimemwambia Kasuku mjomba anakuja. Nilimwambia pia waya uliuweka wewe, kwa sababu angekuja kulisikia kwa mwingine. Siwezi kukuahidi atakupokeaje.

Siku hiyo nitakuwa zamu mpaka saa kumi, na sitaomba ruhusa. Sitakuja kukupokea stesheni. Si kwamba nakuadhibu, ila sijui uso wangu utafanya nini mbele ya watu. Ufunguo utakuwa kwa mama wa cherehani. Ukifika, usinisubiri mlangoni. Ingia, weka mzigo wako, kaa. Nikikukuta umekaa ndani itakuwa rahisi kwangu kuliko kukuona umesimama.

Dada yako.